Uzi: Hasara ya ulaghai katika chama cha ushirika hupimwaje?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Ndugu wasomaji, katika mikutano mikuu ya vyama vya ushirika hapa Nakuru na vijiji vinavyouzunguka mji, azimio la kufanya ukaguzi wa kina hupitishwa kwa makofi kila mara fedha zinapokosekana, na baada ya hapo wanachama husubiri jibu la swali moja tu: zimeibwa ngapi? Kazi yangu ni ya hesabu, na mafaili ninayoyashika zaidi ni ya vyama vya maziwa, nafaka na sacco. Swali hilo ni la haki kabisa, lakini fedha zilizobebwa ni sehemu ya kwanza tu ya hasara, na mara nyingine si sehemu kubwa kuliko zote. Nataka kueleza namna sehemu zilizobaki zinavyopimwa, na kwa nini tarakimu kubwa inayotangazwa kwa mbwembwe mara nyingi huanguka ikifika mbele ya wakili.

Ukaguzi wa kawaida wa mwisho wa mwaka haukuundwa kwa kazi hii. Mkaguzi huchukua sampuli ya miamala, hujiwekea kiwango ambacho chini yake kasoro haimshughulishi sana, kisha hutoa maoni kama taarifa za fedha zinaonyesha hali halisi. Mlaghai mwenye akili huishi chini ya kiwango hicho, akichota kidogo kidogo, na hati safi hutolewa mwaka baada ya mwaka bila mkaguzi kusema uongo wowote. Ukaguzi wa kiuchunguzi huanza na dai mahususi, hupitia miamala yote ya eneo linaloshukiwa badala ya sampuli, na hulinda kila karatasi kana kwamba siku moja itanyanyuliwa kizimbani na mtu anayetaka kuonyesha kwamba haina maana.

Nichukue mfano wa kubuni, ambao tarakimu zake nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Chama cha maziwa kina vituo sita vya kukusanyia. Mkulima hufika alfajiri na mtungi wake, karani hupima, huandika lita katika daftari la mapokezi na kumpa mkulima risiti. Gari huchukua maziwa, dereva hutia saini hati ya kusafirisha, na kiwanda hupima tena na kutoa hati yake ya kupokea. Mwisho wa mwezi chama humlipa kila mwanachama kwa M-Pesa au kupitia sacco kulingana na lita zilizo katika daftari. Ulaghai wenyewe ni wa kawaida sana: karani huandika lita ambazo hazikuletwa na mtu yeyote, kwa majina ya wanachama waliofariki, waliohama, au ambao hawajawahi kufuga hata mbuzi.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha nyaraka hizo tatu, siku kwa siku, kituo kwa kituo. Ya pili ni kupanga orodha ya malipo kwa namba za simu na namba za vitambulisho badala ya majina, kwa sababu majina yanaweza kubuniwa kwa mamia ilhali laini ya kupokelea fedha lazima iwe mkononi mwa mtu fulani. Wanachama watano wenye majina ya koo tofauti wanaopokelea kwenye namba moja ni jambo linalohitaji maelezo. Linaweza kuwa na maelezo mazuri, kwa mfano kijana anayewapokelea wazee wasio na simu, na ndiyo maana mchunguzi huuliza kabla ya kuandika.

Hatua ya tatu ni kulitazama daftari lenyewe kwa macho, na hapa ndipo wengi wanaotegemea kompyuta pekee hupitwa. Daftari linaloandikwa kila alfajiri kwenye kibanda cha mabati lina pembe zilizokunjamana, wino uliotapakaa pale mkono uliolowa ulipopita, na kalamu zinazobadilika kila baada ya siku chache. Daftari lililotungwa huwa na siku thelathini zilizoandikwa kwa kalamu ileile na kwa mkandamizo uleule, bila doa la maziwa wala tone la mvua, na lita zake hupenda kuishia kwenye sifuri au nusu. Ng'ombe hawatoi maziwa kwa namba kamili.

Kuhusu tarakimu, wengi wamesikia habari za kanuni ya Benford, inayohusu tarakimu inayoanza kila namba, na wanaitaja kama dawa ya kila kitu. Simon Newcomb aliligusia jambo hilo mwaka 1881 alipoona kwamba kurasa za mwanzo za vitabu vya logarithimu zilichakaa kuliko za mwisho. Frank Benford aliliandikia kwa kirefu mwaka 1938. Katika makundi mengi ya tarakimu zinazotokana na maisha halisi, takriban asilimia 30.1 huanza na moja, na asilimia 4.6 tu huanza na tisa. Anayebuni hundi kichwani mara nyingi huvuruga mpangilio huo bila kujua. Katika kesi moja ya Arizona, Marekani, mwaka 1993, mshtakiwa alikuwa ameandika hundi 23 za karibu dola milioni mbili, na zaidi ya asilimia 90 ya viwango vilivyoandikwa kwenye hundi hizo vilianza na saba, nane au tisa. Hata hivyo, kanuni hii hudai tarakimu zinazotawanyika kutoka makumi hadi mamilioni. Lita za mfugaji mdogo, ambazo kila siku ziko kati ya tano na ishirini, haziwezi kuifuata hata kama karani ni malaika, na anayemshtaki karani kwa msingi huo atachekwa. Kwa lita, kipimo kinachofaa ni tarakimu ya mwisho. Kwa vocha za matumizi na malipo ya wasambazaji, Benford ina nafasi yake, na hata hapo huonyesha mahali pa kuchimba bila kuthibitisha kitu.

Sasa tufike kwenye kupima. Msingi wa kipimo chochote cha hasara ni kuijenga upya hali ambayo ingekuwepo lau ulaghai haungetokea, kisha kuilinganisha na hali iliyopo. Maziwa hupungua kwa njia za halali: humwagika, huganda, mizani hutofautiana. Tuseme katika vituo vitano visivyo na shida, tofauti kati ya daftari na hati ya kiwanda ni wastani wa asilimia 1.5, na katika kituo cha sita ni asilimia 6. Hasara ya kuhojiwa ni asilimia 4.5 na wala si 6, kwa sababu asilimia 1.5 ingepotea hata kama karani angekuwa mwaminifu. Kituo kikiandikisha lita 40,000 kwa mwezi, ziada hiyo ni lita 1,800; kwa bei ya shilingi 45 ni shilingi 81,000 kwa mwezi, na kwa miezi 24 ni shilingi 1,944,000.

Lakini vile vituo vitano navyo havilingani. Ikiwa upungufu wao ni kati ya asilimia 1 na 2, basi tarakimu ya uaminifu ni kati ya shilingi 1,728,000 na 2,160,000, na ripoti inapaswa kusema hivyo waziwazi. Wanachama hawapendi kusikia "kati ya". Mimi naona ripoti inayotoa tarakimu moja hadi shilingi ya mwisho, ilhali sehemu ya hesabu ni makadirio, ndiyo inayostahili kushukiwa.

Miezi 24 nayo imetoka wapi? Swali la ulaghai ulianza lini linaweza kuongeza hasara maradufu. Ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE, ilionyesha kwamba kwa kawaida ulaghai hudumu miezi 12 kabla ya kugunduliwa, na kwamba asilimia 43 ya visa viligunduliwa kwa sababu mtu fulani alisema. Aliyesema huwa anajua alichokiona yeye, si siku ya kwanza ya mchezo. Mchunguzi hurudi nyuma mwezi baada ya mwezi hadi pale pengo linapofifia na kufanana na la vituo vingine, kisha hutafuta ni kitu gani kilibadilika mwezi huo: karani mpya, mizani mpya, au mhasibu aliyeanza kuidhinisha orodha peke yake.

Juu ya fedha hizo hupandishwa hasara zilizofuata. Ikiwa chama kilikopa kwa riba ya asilimia 14 kuziba pengo lililokuwa likikua, wastani wa deni ni karibu nusu ya jumla, yaani shilingi 972,000, na riba ya miaka miwili ni takriban shilingi 272,000. Ikiwa wafugaji walichoka na malipo ya kuchelewa wakahamia kwa madalali, chama kimepoteza faida ya maziwa yao, na hapa kosa la kawaida ni kuhesabu bei nzima. Lita 9,000 kwa mwezi zilizohama si hasara ya shilingi 405,000, kwa kuwa chama kingewalipa wafugaji sehemu kubwa ya fedha hizo. Ikiwa chama hubakiwa na shilingi 4 kwa lita, hasara ni shilingi 36,000 kwa mwezi. Tena waondolewe wafugaji waliohama kwa sababu ya ukame au kwa sababu waliuza ng'ombe.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi ni hatari ya kuhesabu hasara moja mara mbili. Kama wakulima walipunjwa bei ili kufidia lita hewa, hasara iko kwa wakulima. Kama chama kilikopa na kuwalipa kikamilifu, hasara iko kwa chama. Nimesoma ripoti zilizojumlisha zote mbili. Na yapo madhara ambayo hayafai kugeuzwa shilingi hata kidogo, kama vile mtoto aliyekaa nyumbani muhula mzima kwa sababu malipo ya maziwa hayakuja. Hayo huandikwa kwa maneno, katika sehemu yake, yakithibitishwa kwa barua za shule na maelezo yaliyotiwa saini.

Mfugaji wa Njoro

Mwanzisha uzi, pokea shukrani. Kwetu hadithi ni tofauti kidogo: tulipodai ukaguzi, tuliambiwa kwamba madaftari ya mwaka mmoja na nusu yaliharibiwa na maji ya paa lililovuja, na kompyuta ya ofisi ikaharibika wiki hiyohiyo. Je, hasara yaweza kupimwa bila vitabu, au tukubali yaishe?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, yasiishe. Vitabu vya chama ni nakala moja tu ya habari, na nakala nyingine ziko kwa watu ambao paa lao halikuvuja. Kiwanda kina hati za kupokea maziwa, benki ina taarifa za akaunti, kampuni ya simu ina kumbukumbu za malipo zinazoweza kupatikana kwa amri ya mahakama, na wakulima wenyewe wana risiti zilizochomekwa kwenye biblia na kwenye mifuko ya unga. Ombeni kila mwanachama alete alizonazo, ziorodheshwe mbele yake na arudishiwe nakala. Risiti za wanachama wa kweli zikijumlishwa na kulinganishwa na kilichotoka benki, kinachobaki bila mwenyewe huanza kuonekana.

Mahali ambapo pengo halizibiki, hutumika miezi yenye kumbukumbu kamili kukadiria isiyo nazo, kwa kuzingatia msimu, maana maziwa ya Aprili wakati wa mvua si maziwa ya Februari. Makadirio hayo yaandikwe kando na kiasi kilichothibitishwa, visichanganywe katika jumla moja.

Kuhusu kompyuta, mtu yeyote asiiwashe. Mtaalamu hunakili diski yote na kuipa nakala hiyo namba ya utambulisho inayohesabiwa na programu, ili baadaye ionekane kwamba hakuna kilichobadilishwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka kumbukumbu za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa. Jamaa mwenye ujuzi wa kompyuta akiingia usiku "kuokoa mafaili", anaweza kuwaharibia ushahidi kwa nia njema.

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Ningependa tuliangalie jambo hili upande wa serikali za kaunti. Mitaani huku ukisikia mradi umegharimu shilingi milioni kumi, watu husema milioni kumi zimeliwa. Barabara ipo, ingawa ni mbovu. Mkaguzi huhesabu zote au nusu?

Mwanzisha uzi

Huhesabu tofauti. Kama kazi haikufanyika kabisa, malipo yote ni hasara. Kama kazi ilifanyika kwa bei iliyopandishwa, hutolewa thamani ya kilichopatikana, na thamani hiyo hupimwa na mhandisi anayechimba barabara, kupima unene wa kokoto na lami, na kulinganisha na mkataba. Bei ya kulinganishia lazima iwe ya tarehe ya ununuzi, kwa kiasi kilekile na pamoja na gharama ya usafiri. Kwenda soko la Kibuye leo kuuliza bei ya saruji, kisha kuilinganisha na vocha ya miaka minne iliyopita, hakuthibitishi lolote.

Kwa fedha za umma tarakimu hii ina uzito wa kipekee. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinaruhusu faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Na juu ya hapo kuna faini ya lazima iwapo mshtakiwa alipata faida inayopimika au mtu mwingine alipata hasara inayopimika. Faini hiyo ni mara mbili ya faida au hasara, na yakiwepo yote mawili, ni mara mbili ya jumla yake. Kwa hiyo mkaguzi asiyeitenganisha faida ya mlaghai na hasara ya umma anamnyima hakimu chombo ambacho sheria imempa. Mbili hizo hazilingani kila mara: afisa anaweza kupokea hongo ya shilingi laki tatu na kuisababishia kaunti hasara ya milioni tatu.

Vilevile Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inampa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kufanya ukaguzi wa kiuchunguzi akiombwa na Bunge. Ripoti zake za kila mwaka, ambazo magazeti hupenda kunukuu, ni kazi nyingine. Zikisema kwamba matumizi fulani hayakuambatana na stakabadhi, bado halijasemwa kwamba fedha ziliibwa, na ni vibaya kuzijumlisha tarakimu hizo na kuziita wizi.

Mkulima wa miwa, Mumias

Kwa heshima, naona unawapunguzia wezi mzigo. Sisi tulikuwa na kiwanda kilichosomesha watoto wa Kakamega na Bungoma, na mwaka 2019 kikawekwa mikononi mwa mrasimu wa benki, yaani msimamizi aliyewekwa na benki iliyokuwa ikikidai. Utaniambia hasara yetu ihesabiwe kwa asilimia na nusu asilimia?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, uchungu wenu naufahamu na siupunguzi. Lakini kisa cha Mumias ndicho kinachoonyesha ugumu wa kazi hii kuliko mfano wangu wa maziwa. Kampuni ilielemewa na madeni, ikakosa miwa ya kutosha huku viwanda vingine vikigombania miwa hiyohiyo, ikashindana na sukari ya bei nafuu kutoka nje, na pia ikakabiliwa na madai ya ubadhirifu ndani yake. Anayetaka kudai fidia kwa mtu fulani lazima aonyeshe ni sehemu gani ya maangamizi ilitokana na tendo la mtu huyo. Akijumlisha yote, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu kuhusu sukari ya magendo au uhaba wa miwa, na hesabu nzima itayumba. Njia inayotumika ni kuchukua viwanda vingine vya ukanda huohuo, vilivyokumbwa na soko lilelile na ukame uleule, na kuvitumia kama kipimo cha kile ambacho kingetokea hata bila ubadhirifu. Kinachozidi hapo ndicho cha kujadiliwa. Ni kazi ngumu, na jibu lake huwa dogo kuliko hasira ya watu, lakini dogo lililothibitishwa linaweza kuleta amri ya kulipa.

Mwanachama wa sacco, Kakamega

Sacco yetu ilikuwa na amana KUSCCO, ule muungano wa sacco za Kenya. Ripoti ya kampuni ya ukaguzi ya PwC iliyotangazwa mwaka 2025 ilitaja hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Sisi wa ngazi ya chini tunaiweka wapi hasara yetu? Na tukitaka ukaguzi ndani ya sacco yetu wenyewe, azimio la mkutano mkuu liseme nini?

Mwanzisha uzi

Dada au ndugu, hasara ya mwanachama wa mwisho hutokea kwenye gawio. Sacco hulazimika kutenga fedha kwa ajili ya amana ambazo huenda zisirudi, na fedha hizo hutoka kwenye ziada ambayo ingegawiwa. Linganisheni gawio na riba ya akiba mliyopata kabla ya kutenga na baada ya kutenga, kisha muulize ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na amana hizo na kiasi gani kilitokana na mikopo isiyolipwa ndani ya sacco yenyewe. Msijumlishe hasara hii na bilioni zilizotajwa kwenye ripoti, kwa maana ni fedha zilezile zikitazamwa kutoka ngazi ya chini.

Kuhusu azimio, "tunataka ukaguzi wa kina" halitoshi, maana mtapewa ukaguzi wa kawaida wenye jalada jipya. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mkaguzi, zitaje akaunti na matawi yanayohusika, kipindi kinachoanza kabla ya mwezi mnaoshuku, na ziagize kwamba kiasi kilichothibitishwa, kiasi kilichokadiriwa na hasara zilizofuata viripotiwe kila kimoja mahali pake. Zidai njia ya kukokotoa ielezwe kiasi kwamba mhasibu mwingine akiirudia apate jibu lilelile. Zikataze mtu yeyote aliyewahi kukagua vitabu hivyo kupewa kazi hiyo. Kamati ikikataa kulijadili azimio, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997, kifungu cha 58, inampa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika uwezo wa kuamuru uchunguzi, na kifungu cha 73 kinamruhusu kuwaagiza maafisa waliohusika kulipa au kurejesha mali. Anayeamriwa hivyo ana haki ya kukata rufaa mbele ya Jopo la Ushirika, na huko ndiko hesabu yenu itakakopimwa mstari kwa mstari, kwa hiyo hakikisheni mkataba wa mkaguzi unamlazimu kufika kutoa ushahidi bila kudai ada nyingine mkiwa tayari mlangoni.